Mtumishi Mtarajiwa na Mkataba wa Mama Goti

"Weka kalamu chini!"

Wiki jana tuliachana kwenye sauti hiyo, mlango ukiwa bado unatikisika kwenye bawaba. Wewe uliyekosa gazeti usisikitike, hukupitwa na mengi: mwanaume mzima, karatasi za mkataba, kalamu iliyokwisha kugusa mstari wa sahihi, na mtu aliyeingia bila hodi kama aliyekuja kufumania.

Mtu huyo alikuwa mjomba wake.

Mjomba, karani mstaafu wa serikali, alikuwa na tai shingoni na kandambili miguuni. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba mambo yameharibika, maana tangu astaafu hakuna aliyewahi kumwona hadharani bila viatu vinavyong'aa.

"Umeshatia sahihi?" aliuliza akihema.

"Nimeandika herufi ya kwanza tu, Mjomba."

"Ifute!"

"Ni wino."

"Basi igeuze iwe kitu kingine! Chora ua!"

Upande wa pili wa meza, mwanamke wa makamo mwenye mikono myeupe kwa vumbi la plasta alivua miwani yake taratibu. Huyo ndiye msimamizi wa karakana ya viungo bandia, na kila mtu alimwita Mama Goti, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kuunda goti la mguu wa bandia likakunjika kama la kuzaliwa nalo.

"Mzee, hapa ni kazini," alisema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama yake." Mjomba alivuta pumzi. "Yaani kaka wa mama yake. Ni kitu kilekile."

Kisha akamgeukia mpwa wake, akamshika mabega.

"Ajira zimetoka, mwanangu! Za kudumu! Na mtu atakayekutwa ana mkataba mahali pengine anahesabiwa ana kazi tayari. Anarukwa!"

Kalamu ikainuka yenyewe kutoka kwenye karatasi. Mkono ule haukumwuliza mwenyewe.

Mtaani walimwita Mtumishi, na jina hilo alijitafutia. Tangu ahitimu stashahada yake ya viungo bandia, kila aliyemwuliza anafanya kazi gani alimjibu, "Naisubiri serikali," kwa utulivu wa mtu anayesubiri mgeni aliyepiga simu kusema yuko njia panda.

Naye hakusubiri kivivu. Alijiandaa. Alijifunza kuacha koti kwenye mgongo wa kiti, kama wafanyavyo watumishi wazoefu, ili mtu aonekane yupo hata kama hayupo. Koti alikuwa nalo, kiti alikuwa nacho. Kilichokosekana ni ofisi.

Gari lenye namba za serikali likisimama mtaani kuuliza njia, yeye alifunga vifungo vya shati. Alipoombwa kutengeneza viti vya magurudumu kwa malipo ya siku, alikataa, asije akaitwa ghafla wizarani akaripoti akiwa na grisi kwenye kucha. Rafiki zake aliosoma nao walikwisha kushika kazi za kila namna. Yeye alikuwa na kucha safi kuliko wote.

"Sikiliza," Mama Goti alisema. "Fundi niliyekuwa naye amehama. Nina mgonjwa anakuja kupimwa mguu mchana huu. Akifika, nataka mtu mwenye mikono na mkataba. Usipokuwa wewe, nitampigia mwingine. Tokeni nje mkafikiri, na mlango mfunge kistaarabu."

Walikaa kwenye benchi la barazani. Juu yao, kwenye waya uliofungwa dirishani, ilining'inia miguu ya bandia iliyokuwa ikikaushwa rangi, mingine mirefu, mingine ya watoto.

"Mjomba, nani kakwambia ajira zimetoka?"

"Mtu wa ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani kabisa."

"Mjomba."

"Ndani ya saluni."

"Kinyozi?"

"Si kinyozi hivihivi! Ndiye anayemnyoa dereva wa bosi. Dereva akifumba macho pale kwenye kiti, anasema kila kitu." Mjomba alilegeza tai. "Mwanangu, mkataba wa mwaka mmoja ni kazi gani? Unaanza kuwazoea wenzako, umekwisha. Benki hawakujui. Ukiugua wanahesabu siku zako. Mimi nimestaafu, naketi barazani kwangu, na pensheni inanifuata. Nimefanya nini? Sijafanya kitu! Na ndiyo raha yake!"

Maneno hayo Mtumishi aliyasikia tangu utotoni, na aibu iliyoje, bado yalimsisimua. Wenzake walikuwa wakiota magari na majumba. Yeye aliota likizo yenye malipo.

Akaamua kufanya alichofanya kila alipotakiwa kuamua jambo: akamwuliza mtu mwingine. Akampigia mchumba wake.

Mchumba wake alikuwa fundi cherehani, na hata yeye alizoea kumwita Fundi. Simu ilipopokewa, cherehani ilisikika ikinguruma.

"Fundi, nisaidie. Nitie sahihi au nisubiri?"

Cherehani ikanyamaza.

"Unaniuliza mimi?" Fundi alisema. "Mimi ninayemsubiri mtu anayesubiri?"

"Mjomba anasema ajira zimetoka."

"Mjomba alisema hivyo hata mwaka ule nilipokushonea suti ya kuripotia. Sasa hivi suti yenyewe inakubana."

"Inabana kidogo tu kiunoni."

"Amua mwenyewe. Na uamue upesi, maana baba yuko njiani anakuja huko kupimwa mguu."

"Huko wapi?"

"Hukohuko uliko. Kwani mjini hapa kuna karakana ngapi za miguu?"

Simu ikakatwa. Mtumishi aliinamisha kichwa katikati ya magoti.

Hapa inabidi nikueleze, msomaji, kwa nini mtu amwogope mzee mwenye mguu mmoja. Siku walipokwenda kuposa, baba yake Fundi hakuuliza ukoo wala dini wala tabia. Aliuliza swali moja: "Kijana ameajiriwa?" Mjomba, akiwa mshenga, alijibu bila kupepesa macho, "Ni mtumishi wa serikali." Hata neno mtarajiwa hakulitia.

Mtumishi alikohoa. Mwenyewe alikusudia kikohozi kile kiwe kanusho. Wazee wote pale sebuleni walikichukulia kuwa ni unyenyekevu, na baba mkwe akampenda papo hapo.

"Mjomba, anakuja," alinong'ona.

"Nani?"

"Baba yake Fundi."

Mjomba aliruka kama aliyekalia msumari. Lakini wapi? Gari la jirani lilikuwa limekwisha kusimama langoni, na magongo mawili yalikuwa yametangulia kutoka.

"Tulia," Mjomba alisema kwa pembe ya mdomo. "Weka mikono nyuma. Uko hapa kukagua."

"Kukagua nini?"

"Nitajua nikishafungua mdomo."

Baba mkwe alikuja akichapa magongo sakafuni, mrefu, mkavu, suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kulia. Alipomwona mkwewe, uso ulimchanua.

"Mkwe! Wewe tena? Unafanya nini huku?"

"Ukaguzi!" Mjomba alidakia. "Serikali imemtuma. Wanataka kujua kama miguu inayotengenezwa hapa inafuata utaratibu."

Mtumishi aliona hakuna njia nyingine. Aliweka mikono nyuma, akainua uso akaiangalia dari kwa muda, kama alivyoona wakaguzi wakifanya. Kisha akausogelea mguu mmoja uliokuwa ukining'inia, akaugonga kwa kidole, na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Mguu ule haukuwa na kosa lolote.

"Haya mambo haya," alisema.

"Ndivyo nilivyowaambia nyumbani!" baba mkwe aliwaka kwa furaha. "Mkwe wangu ni mtu mzito!"

Mlango ulifunguliwa. Mama Goti akatoka na ndoo ya maji ya uvuguvugu.

"Wewe! Umeamua? Mgonjwa amefika. Vaa aproni uje ushike mguu."

Baba mkwe alikunja uso. "Anamwamrisha mkaguzi?"

"Ukaguzi wa vitendo," Mjomba alisema, jasho likimtiririka kwenye tai.

Ndivyo Mtumishi alivyojikuta amepiga magoti mbele ya baba mkwe wake, aproni imemfika kifuani, na kigutu cha mguu wa mzee kiko mikononi mwake, pale ulipokatiwa chini ya goti.

Na hapo likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea. Mikono yake ikakumbuka.

Alikivisha kigutu soksi nyembamba. Akapapasa kwa vidole akitafuta mfupa ulipochomoza, akauwekea alama kwa kalamu ya risasi ili usije ukabanwa. Akauliza, "Hapa panauma, baba?" na mzee akasema, "Hapo hapo! Mguu wa kwanza walionipa ulikuwa unanitafuna hapo, nikautupa uvunguni." Mtumishi akaitikia kwa kichwa. Akalowesha bendeji ya plasta kwenye ndoo, akaikamua, akaanza kuizungusha, safu juu ya safu, bila kulegeza wala kukaza mno. Akasahau kwamba yeye ni mkaguzi. Akasahau hata kwamba ni mtarajiwa.

Mama Goti alikuwa amesimama nyuma yake, kimya. Kwa mtu kama yeye kimya hicho kilikuwa sifa.

"Sasa nashika mpaka ikauke," Mtumishi alisema, vidole gumba vyake viwili akivibana chini ya pia ya goti. "Usitikisike, baba. Hii ndiyo itakuwa kalibu, umbo la kuundia mguu wako. Nikikosea hapa, utaumia kila siku ukitembea."

Baba mkwe aliegemea ukuta. Akaanza kuzungumza, kama watu wanavyozungumza na kinyozi.

"Unajua mguu huu uliondokaje? Nilikuwa kiwandani. Mkataba. Kila mwaka wanaongeza, kila mwaka nasema mwaka huu wataniajiri kabisa. Mashine ikanivuta. Nikazindukia wodini. Mtu wa ofisi akaja kunitazama, nikajua kaleta pole. Kumbe kaja kunijulisha kwamba mkataba wangu umekwisha juzi yake. Nilikuwa bado sijauona mguu, tayari sina kazi."

Mtumishi hakuinua uso.

"Ndiyo maana nikaapa," mzee akaendelea. "Binti yangu hataolewa na mtu mwenye kazi iliyoandikwa tarehe ya kufa. Nashukuru nimekupata wewe."

Plasta ilikuwa inaanza kupata joto chini ya viganja vya Mtumishi, kama inavyofanya ikianza kushika. Masikio yake nayo yalikuwa yanawaka, lakini hayo hayakuwa na sababu ya kitabibu.

Simu ya Mjomba ikaita.

Mjomba alikuwa na uziwi kidogo akiwa kwenye simu, na kwa hiyo aliamini dunia nzima nayo ni kiziwi.

"Haloo! Kinyozi! Eeh, sema! Zimetoka? Za nini? Za madereva? Na viungo bandia je? Hawakuchukua hata mmoja? Sasa mpwa wangu ndiyo asubiri mpaka lini tena? Haloo!"

Akateremsha simu. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mtandao mbaya," alisema.

Baba mkwe aliangalia chini. "Mpwa wako yupi anayesubiri?"

"Ninao wengi."

"Mjomba, basi," Mtumishi alisema. Akamwinulia mzee uso. "Ni mimi, baba. Mimi si mkaguzi. Sijawahi kuajiriwa na serikali wala na mtu yeyote. Nimekaa nyumbani nikijiita mtumishi, mpaka watoto wa mtaani wakaniamini, nami nikajiamini. Leo nimekuja kuomba kazi ya mkataba, na hata hiyo nimeshindwa kuitia sahihi. Nilimpigia binti yako simu aniamulie."

"Na ile siku ya posa?"

"Nilikohoa."

"Ulikohoa?"

"Nilitaka kukanusha, baba. Nikakosa ujasiri, kikatoka kikohozi."

Hata Mama Goti aliinamisha macho kwenye ndoo.

"Toa mikono yako," baba mkwe alisema.

"Siwezi."

"Nimesema toa mikono yako kwenye mguu wangu!"

"Siwezi, baba. Plasta haijashika sawasawa. Nikiiachia sasa, kalibu itapinda, na mguu utakutafuna palepale. Subiri kidogo tu. Ikikauka, unifukuze."

Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama mzee. Mkono wake ulishika gongo, na Mjomba akarudi nyuma mpaka mlangoni. Lakini mtu aliyeshikwa mguu hana pa kwenda, na mtu aliyeushika mguu hana pa kukimbilia. Wakabaki hivyo, wametazamana, mmoja kakasirika na mmoja anatoka jasho, wakingojea plasta.

Mtumishi alijicheka moyoni. Miaka yote ile ya kusubiri, na leo ndiyo mara ya kwanza anasubiri kitu kinachotokea kweli.

Alipoona imekuwa ngumu, aliitoa taratibu, akaikagua kwa ndani, akampa Mama Goti. Akabaki palepale kwenye magoti.

"Haya, baba. Nifukuze."

Mzee alikipangusa kigutu chake kwa kiganja. Alikipapasa pale palipozoea kuuma. Kisha akamgeukia Mama Goti.

"Ulete huo mkataba."

"Mkataba wa nani?"

"Wake. Nataka kuuona."

Aliletewa. Akausoma akiwa ameusogeza karibu na pua, midomo ikicheza.

"Akiumia kazini, nani anamtibu? Sioni hapa."

"Hatukuandika, lakini..."

"Hata mimi waliniambia hivyohivyo: hatukuandika, lakini. Andika! Karakana itamtibu, na siku zake za wodini zihesabiwe kazi. Na hapa, kwenye kuvunja mkataba: mnasema mnaweza kumwachisha wakati wowote. Hapana. Andika asiachishwe katikati bila kosa, na yeye naye asiondoke katikati. Wote mfungwe kamba moja."

"Na kiinua mgongo?" Mjomba alichungulia kutoka mlangoni.

"Hicho sina," Mama Goti alisema. "Hii ni kazi ya mradi. Lakini hayo mengine naweza, na nimeona alivyoshika ule mguu. Nayaandika."

Akayaandika kwa mkono, akaweka mhuri. Baba mkwe akamsukumia Mtumishi karatasi.

"Sijakusamehe," alisema. "Uongo ni uongo, na mjomba wako huyu nitamshughulikia nikishapata miguu miwili. Lakini leo umenitazama usoni ukakataa kuuachia mguu wangu, na mimi nimekutana na waajiriwa wengi wa kudumu ambao wangeuachia. Tia sahihi."

Hakuna aliyemwuliza Mtumishi kama anataka. Kwa bahati nzuri, kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jibu. Alitaka. Aliandika jina lake lote, vidole vikiacha alama nyeupe kwenye karatasi, na alipomaliza alijihisi mwepesi hata akaogopa.

"Karibu kazini," Mama Goti alisema. "Fagia hiyo plasta."

Alikuwa ameshika ufagio, anafagia kwa furaha ya kijinga kabisa, pale Fundi alipotokea mlangoni. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, na alikuwa amekuja mbio.

"Fundi! Nimetia sahihi!" Mtumishi alipaza sauti. "Mwaka mzima! Siondoki hapa, siachishwi! Baba mwenyewe ndiye aliyefunga kamba!"

Fundi hakutabasamu. Alimtazama, akamtazama baba yake, akatazama tena ufagio.

"Nimeitwa," alisema.

"Na nani?"

"Na serikali."

Ufagio ukaanguka.

"Unakumbuka siku niliyokusindikiza kupeleka maombi yako?" Fundi aliuliza. "Dirisha la pili walikuwa wanatafuta mafundi wa kushona mashuka na sare za hospitali. Nikajaza na mimi, kwa mchezo tu. Kalamu uliniazima wewe. Ukanicheka."

Mtumishi alikumbuka. Alicheka sana siku ile. Aliwaambia hata waliokuwa nyuma yao kwenye foleni, ili nao wacheke.

"Ya kudumu?" Mjomba alinong'ona, mkono kifuani.

"Ya kudumu. Na pensheni."

Mjomba akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Hakikuwepo.

"Lakini ni hospitali ya mpakani," Fundi aliendelea. "Gari la wizara linanichukua Ijumaa. Nimeshakubali. Sikumwuliza mtu."

Baba mkwe aliangalia mkataba uliokuwa mezani, wino wa mhuri ukiwa bado haujakauka. Mama Goti naye aliona macho yalikoelekea. Akauchukua, akautia kwenye droo, akageuza ufunguo.

Fundi alimsogelea Mtumishi mpaka vumbi la plasta la aproni likamshika kwenye gauni.

"Nina swali moja, na nataka unijibu hapahapa mbele ya baba," alisema. "Ijumaa nipande gari hilo nikiwa mke wa mtu, au nipande nikiwa sina mtu?"